Nakaa Kwa Kiti Siku Nzima, Nile Kiasi Gani?

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimezunguka jambo moja, mtu asiye na kazi ya mwili, wa kukaa ofisini ama dukani ama nyumbani, anahitaji kalori ngapi kwa siku. Nimechagua za kutoka huku kwetu, Nakuru, Kisumu na magharibi, na majina nimetoa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sana, nawaomba muisome yote hata kama si yako, juu hesabu iliyo ndani yake ndio nitaitumia kwa wengine.

*

Dada, mimi ni mama wa watoto wawili, niko na miaka 34, nafanya kazi kwa kaunta ya sacco hapa Nakuru. Asubuhi ni matatu kutoka Free Area, jioni matatu tena, katikati ni kiti. Niko na kilo 78, urefu sentimita 162. Miaka minne iliyopita nilikuwa na kilo 69. Chakula changu ni cha kawaida tu, asubuhi chai na mandazi mbili, saa nne chai ya ofisi, lunch kibandani chapo mbili na madondo (maharagwe), jioni ugali, sukuma na nyama kidogo. Niliweka app kwa simu ikaniambia nikule kalori 1,200 kwa siku. Siku za kwanza kilo zikashuka nikafurahi, halafu kichwa kikaanza kuuma, nikawa nafokea watoto bure, na usiku najipata jikoni nakula chapo za kesho. Nimeacha. Mtu kama mimi kwa ukweli anahitaji ngapi?
Mama Wawili, Nakuru

Mama Wawili, pole sana, na tafadhali usivunjike moyo, mwili wako ulifanya jambo la sawa kabisa kukataa ile namba na nitakuonyesha mbona.

Mwili unatumia nguvu hata ukiwa umelala. Moyo unapiga, mapafu yanavuta, maini na figo zinafanya kazi, ubongo peke yake unachukua karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika, na lile joto la mwili lazima likae pale pale. Ni kama pikipiki imesimama stage na injini imewashwa, haiendi popote lakini mafuta inakunywa. Kwa mtu wa kukaa, hii ya kupumzika ndio sehemu kubwa kuliko zote, kama asilimia 60 hadi 70 ya kalori za siku nzima, halafu karibu asilimia 10 inaenda kwa kusaga chakula chenyewe, na ile inabaki ndio ya kutembea, kuosha vyombo, kupanda ngazi, kukimbiza mtoto. Kwa hivyo mtu akisema "mimi sifanyi kazi ngumu wacha nikule kidogo tu" anasahau kwamba kazi kubwa zaidi ya mwili wake haionekani na haipumziki.

Sasa chukua karatasi na kalkuleta ya simu. Kuna hesabu wataalamu wengi wa lishe wanaitumia, ilichapishwa mwaka wa 1990, inaitwa ya Mifflin na St Jeor. Unachukua kilo zako mara 10. Urefu wako kwa sentimita mara 6.25. Unajumlisha hizo mbili, unatoa miaka yako mara 5, halafu mwisho mwanamke anatoa 161 na mwanaume anaongeza 5. Yako inaenda hivi, 78 mara 10 ni 780, 162 mara 6.25 ni 1,012.5, jumla 1,792.5. Miaka 34 mara 5 ni 170, ukitoa inabaki 1,622.5, toa 161, unabaki na kama 1,460. Hizo ndizo kalori mwili wako unatumia ukilala kitandani kutoka asubuhi hadi asubuhi bila kufanya kitu. Na app ilikuwa inakupa 1,200! Yaani ulikuwa unaenda kazini, unapika, unasaidia watoto na homework, kwa chakula ambacho hakitoshi hata mgonjwa wa kulazwa mwenye mwili kama wako. Kichwa kingekosa kuuma aje?

Mtu wa kukaa anazidisha jibu lake na 1.2. Kwa hivyo 1,460 mara 1.2 ni karibu 1,750. Hiyo ndio namba yako dada, kalori 1,750 kwa siku, na ukila hapo kilo zitakaa venye ziko. Hesabu yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi juu ama chini, juu miili haifanani, wawili wa kilo sawa na urefu sawa mmoja anaweza kuwa na misuli mingi kuliko mwenzake na misuli inakula zaidi. Kwa hivyo ichukue kama mahali pa kuanzia. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, kwa mizani ile ile, na baada ya wiki tatu nne mizani itakuambia kama namba yako iko juu ama chini ya hapo.

Wengi wenu mmeniuliza pia juu ya namba za jumla. Mwongozo wa lishe wa serikali ya Marekani unaweka mwanamke asiye na shughuli wa miaka 26 hadi 50 kwa kalori 1,800, akifika 51 ni 1,600, na msichana wa 19 hadi 25 ni 2,000. Mwanaume wa kukaa wa miaka 21 hadi 40 ni 2,400, wa 41 hadi 60 ni 2,200, na kuanzia 61 ni 2,000. Lakini angalieni vizuri, zile hesabu zimefanywa kwa mwanaume wa kama sentimita 178 na kilo 70, na mwanamke wa kama sentimita 163 na kilo 57, so kama wewe ni mfupi kuliko huyo ama mrefu zaidi usiibebe tu ukaenda nayo. Ile 2,000 mnaiona nyuma ya pakiti nayo ni ya kumsaidia mtu asome lebo, haikupimwa kwa mwili wako. Na lebo ikiandika kJ peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Turudi kwa sahani yako, juu hapo ndio kuna kazi. Gramu moja ya wanga ni kalori 4, protini pia 4, mafuta ni 9, pombe ni 7. Hapo kwa mafuta msipite haraka. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupika ni kama kalori 120, na mwenye kutia mafuta kwa sufuria huku kwetu hatumii kijiko, anamimina tu. Sasa tujumlishe siku yako kwa makadirio, vikombe viwili vya chai ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kama 280, mandazi mbili za kawaida 400, chapo mbili za kibanda 560 (na kuna vibanda zinazidi hapo, inategemea venye anazipaka mafuta) na madondo 200, ugali wa kikombe kimoja cha unga mkavu kama 470, sukuma na mafuta yake 160, nyama 150. Inafika kama 2,200. Umepita mahitaji yako kwa karibu 450, na umeona mwenyewe hakuna mahali ulikula vibaya ama kwa ulafi, ni chakula cha kawaida cha mtu wa kazi ya mkono kimeliwa na mtu wa kazi ya kiti.

Nini nitatoa? Ugali wako sitaugusa. Sukari ya chai toka vijiko vitatu hadi kimoja, hapo umeokoa 80 kwa siku. Mandazi moja badala ya mbili, 200 zimeenda, na kama njaa inakusumbua saa nne ongeza yai la kuchemsha, ni kama 75 tu na linakaa tumboni. Lunch chukua chapo moja na umwambie mama akuongezee madondo na kabeji, hapo unaokoa kama 200. Jumla umepunguza zaidi ya 400 na bado umekula mara nne, bado umekula chapo, na uko karibu kabisa na 1,750 yako. Fanya hivyo mwezi mzima kwanza bila kutafuta kupungua, uone kilo zikisimama. Mtu huwa anaruka hii hatua ndio anaanguka.

Ukishasimama na ukitaka zishuke, toa 250 hadi 300 hivi, ufike karibu 1,450 ama 1,500, na usiende chini ya hapo. Chini ya kile mwili unatumia ukilala, unaanza kupoteza misuli pamoja na mafuta, nywele zinaweza kukatika, hedhi inaweza kuvurugika, na kupungua haraka sana kunaleta mawe kwa kibofu cha nyongo. Dayeti za chini ya kalori 800 zipo, zinatumika hospitali, na daktari akiwa anamwangalia mtu. Hizo si za kujifanyia na simu.

Kutembea je? Nitakuambia ukweli ili usidanganywe. Nusu saa ya kutembea haraka kidogo kwa kilo zako inachoma kama kalori 100 zaidi ya zile ungechoma ukiwa umekaa, yaani nusu mandazi. Kwa hivyo usitembee ukitarajia mizani peke yake ikushukuru. Tembea juu ya moyo, presha, sukari ya damu, usingizi, na juu misuli inayotumika inabaki. WHO wanasema mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hiyo ni nusu saa siku tano, unaweza kuipata ukishuka matatu stage moja ama mbili kabla ya kazi na jioni pia. Na inukeni kwa viti jamani, hata kama ni kwenda kuchota maji ya kunywa, kila saa.

*

Dada salamu kutoka Kondele. Mimi ni mtu wa boda, niko na miaka 29, kilo 70, urefu 172. Nimekaa kwa pikipiki kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, jioni mgongo umeisha kabisa. Juzi wale CHP, wahudumu wa afya wa mtaani, walipita stage wakapima watu presha, mmoja akasema sisi watu wa boda hatuna mazoezi ya kutosha. Nilikasirika. Si hii ni kazi?
Rider, Kisumu

Kaka, ni kazi, na ni kazi ngumu, jua la Kisumu, vumbi, wateja wa kutoroka, na macho lazima yawe barabarani sekunde zote. Kuchoka kwako ni kwa kweli kabisa. Lakini kuchoka na kuchoma kalori ni vitu viwili tofauti, misuli mikubwa ya mapaja na makalio imekaa, injini ndio inakimbia. Kwa hivyo yule CHP hakukosea, ingawa angesema kwa upole zaidi.

Hesabu yako, 700 jumlisha 1,075 toa 145 jumlisha 5, ni 1,635 ukilala. Mara 1.2 ni kama 1,960. Lakini kushika pikipiki, kuisukuma, kubeba mzigo wa mteja inakupandisha kidogo juu ya karani wa ofisi, kwa hivyo mimi ningekuweka kati ya 2,000 na 2,250. Unaona bado si ile 2,500 ya wanaume ambayo watu wa Uingereza wanaandika.

Hujaniambia unakula nini, lakini nawajua watu wa stage. Mchana ni soda ya nusu lita na nusu mkate, si ndio? Mkate wa gramu 400 ni karibu kalori 1,000, nusu yake 500, soda ya nusu lita zaidi kidogo ya 200. Hapo 700 zimeisha na saa nane njaa imerudi, juu hakuna protini ya maana hapo na sukari imepita haraka. Kwa pesa ile ile ama karibu na hiyo tafuta sahani ya omena na ugali, ama githeri, na maji. Samaki wa ziwa mwenyewe ni chakula kizuri sana, ngege mbichi ana kama kalori 100 tu kwa gramu 100, akiingia kwa karai ya mafuta moto ndio hesabu inapanda, kwa hivyo siku zingine mkule wa mchuzi. Na bia, kama unatumia, chupa ya nusu lita ni kama 200, mbili jioni umeshakula mlo mwingine mzima bila kutafuna.

Ile mazoezi inakosekana itafute kwa mguu. Ukingoja mteja usikae juu ya pikipiki, simama, tembea.

*

Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kakamega, miaka 67, kilo 84, sentimita 170. Nikiwa kazini nilikuwa natembea kwenda shule na jioni naingia shambani. Siku hizi magoti hayakubali, nasoma gazeti, naangalia ng'ombe, nalala. Daktari amesema sukari inanyemelea, nipunguze chakula. Mama nyumbani anapakua obusuma (ugali) kama ule wa zamani na nikiuacha anaona nimekataa chakula chake. Nipunguze nini na nibakishe nini?
Mwalimu, Kakamega

Shikamoo mwalimu, na asante kwa kuuliza kabla ya kuanza kujikatia chakula mwenyewe. Yako inafika kama 1,570 ukiwa umepumzika, na mara 1.2 inakuja karibu 1,890. Ukitoa 250 ama 300, yaani ukila kama 1,600 kwa siku, utapungua polepole, na kwa miaka yako polepole ndio ninataka.

Kuna jambo moja la muhimu kuliko namba. Mtu akipita 60 misuli inapungua haraka, na mzee akipunguza chakula bila mpango anapunguza miguu yake mwenyewe, halafu siku moja anateleza bafuni. Kwa hivyo toa wanga na mafuta, lakini protini usiguse, ikiwezekana iongezwe. Wataalamu wa afya ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo, kwako ni kama gramu 84 hadi 100 kwa siku, na figo zikiwa na shida lazima daktari aseme kwanza. Yai ni kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15, kipande kizuri cha ingokho (kuku) kinaweza kufika 25 ama 30. Zigawanye kwa siku, zisikae zote jioni.

Kwa sahani, nusu iwe mboga, na hapo nyumbani kwenu mmebarikiwa, tsisaka, mrenda, likhubi, hizo kula bila wasiwasi ila mafuta na magadi yawe kidogo. Robo iwe ingokho ama maharagwe ama samaki, robo iwe obusuma. Kwa mama, nakuomba usiache chakula mezani, hiyo inaumiza mpishi. Kaeni naye muongee, mwende naye kliniki siku ya miadi asikie daktari kwa masikio yake, na muombe apakue kwa sahani ndogo, akuongezee mboga pale obusuma ulikuwa. Mke aliyepikia mtu miaka hiyo yote anataka kuona bwana yake akiwa mzima, atakubali.

Na mwalimu, kama umeanzishiwa dawa za kushusha sukari ama sindano, usipunguze chakula hata kidogo bila kumwambia aliyekuandikia, dawa ile ile na chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi ukazirai. Kwa magoti, mazoezi ya kuinuka na kuketi kwa kiti mara kumi, asubuhi na jioni, yanafaa miguu bila kuumiza, ukishika meza kama unahofia.

*

Mimi nauliza tu. Babu zetu hapa Bungoma walikula ugali mkubwa kuliko sisi na hawakuwa na vitambi. Wao walikuwa wanafanya kazi sisi tunakaa. Si basi turudi tu shambani tule tunavyotaka?
Wa Kanduyi

Ndugu, nusu ya unayosema ni kweli na nusu nyingine imewashangaza hata wanasayansi. Mwaka wa 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadza, wale jamaa wa uwindaji wa karibu na ziwa Eyasi pale Tanzania. Wanaume wao walikuwa wanatembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6, wanachimba mizizi, wanapanda miti kutafuta asali. Kila mtu alitarajia wanachoma kalori nyingi sana kuliko mtu wa Marekani wa gari na ofisi. Walipopima, ukilinganisha na ukubwa wa mwili, ilikuwa karibu sawa! Inaonekana mwili ukitumia nguvu nyingi kwa kazi unajifinya kwengine ndani, usipite kiwango fulani.

Maana yake kwetu ni kwamba tofauti yetu na babu haiko kwa jembe peke yake, kubwa zaidi iko jikoni. Hebu mtu asihesabu kalori za siku, ahesabu za manunuzi, hii njia naipenda sana juu haihitaji app wala mizani ya chakula. Lita moja ya mafuta ya kupika ni kama kalori 8,200. Familia ya watu wanne ikimaliza lita kwa wiki, kila mmoja amekula karibu 290 kila siku za mafuta peke yake. Sukari kilo mbili kwa wiki kwa hao hao wanne ni kama 280 kila mtu kila siku. Zijumlishe, ni 570, theluthi moja ya mahitaji ya yule dada wa Nakuru, na bado hatujaweka unga kwa sufuria. Babu alikula mboga ya kuchemsha na maziwa, mchuzi wa nyama siku ya sherehe, sukari ilikuwa ya wageni. Ugali wake pia ulikuwa wa mtama, wimbi, ama mahindi ya kusagwa na maganda yake, unashibisha mapema.

Unga nao uhesabu hivyo hivyo, pakiti ya kilo mbili ni kama 7,200. Watu wanne wakiimaliza kwa siku mbili ni 900 kila mmoja kwa siku, na kwa mtu wa kukaa hiyo ni nusu ya siku yake imeisha kwa ugali tu.

Shambani rudi tu ndugu, mimi nakuunga mkono, lakini mafuta na sukari nunua kidogo tu, vya kupimiwa, tena mara moja moja.

Na wale mnaosema mmenenepa juu "mwili umezeeka" na mko na 38, Pontzer huyo huyo na kundi kubwa la watafiti walichapisha mwaka wa 2021 vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakaona matumizi ya nguvu ya mwili yanakaa vile vile kutoka miaka 20 hadi 60, ukishatoa tofauti ya ukubwa wa mwili. Baada ya 60 ndio yanaanza kushuka.

*

Sister nimejifungua, mtoto ana miezi mitatu, nanyonyesha tu sijampa kitu kingine. Sitoki nyumbani, nakaa na mtoto siku nzima, na mwili umekuwa mkubwa. Nikule ngapi nipungue haraka?
Mama Mdogo, Nyalenda

Mama, hongera sana kwa mtoto na kwa kumnyonyesha bila kumchanganyia. Saa hii usijihesabu kama mtu wa kukaa. Kutengeneza maziwa kunahitaji kalori kama 330 hadi 500 zaidi kila siku kuliko kabla ya mimba, mwili wako uko kazini usiku na mchana hata ukiwa umeegemea mto. Usianze dayeti yoyote. Kula ushibe, uji wa wimbi, omena, mboga za kienyeji, maharagwe, matunda, kunywa maji kila ukisikia kiu, na soda na mandazi za wageni wa kuona mtoto ziwe za wageni. Wengi hupungua polepole tu wakiendelea kunyonyesha. Kama unahisi huzuni isiyoisha ama unalia bila sababu mwambie muuguzi ukienda chanjo, hilo nalo lina msaada.

*

Mimi ni mwanafunzi wa Njoro, miaka 21, kilo 52, urefu 178. Sina mazoezi, nakaa na laptop. Nimesikia watu wa kukaa wapunguze kalori. Mimi pia nipunguze?
Mwembamba

Hapana hapana, usipunguze chochote. Kwa urefu huo kilo za chini kabisa za kawaida ni kama 59, wewe uko chini ya hapo kwa saba. Hesabu yako ya kukaa ni kama 1,840, na wewe unahitaji kuongeza 300 hadi 500 juu yake. Najua bajeti ya hosteli, kwa hivyo tafuta vitu vidogo vyenye nguvu nyingi, gramu 50 za njugu karanga ni karibu 280, nusu parachichi la kawaida kama 150, maziwa badala ya chai ya rangi, mayai mawili kwa ugali wako wa jioni. Usiruke lunch juu ya lekcha.

Lakini kabla ya hayo yote niambie, umekuwa hivyo tangu utotoni ama kilo zimeshuka mwaka huu? Kama zimeshuka, na uko na kikohozi cha wiki mbili ama zaidi, ama jasho la usiku, ama homa za jioni, nenda kituo cha afya cha serikali wiki hii upimwe TB, kupimwa na dawa zake ni bure. Waambie pia wakupime sukari na HIV siku hiyo hiyo, halafu uniandikie tena.